Leseni ya Jina Moja

Mashine ya kusaga ya Mzee Onsongo ilinyamaza siku ile leseni yake ilipokwisha muda, na tangu hapo wanawake wa Manga wakawa wanateremka mlima na mahindi na wimbi vichwani kutafuta unga kwingine. Kila aliyepita mbele ya mlango uliofungwa kufuli alimwuliza Kemuma, "Lini, mwanetu?" Naye aliwajibu, "Karibuni tu, mama," huku akiona haya, maana hata yeye hakujua hiyo karibuni iko wapi.

Baba yake, ambaye alimwita tata kama watoto wengine wa Kisii, alikuwa amepooza upande wa kulia. Mguu aliuburura, mkono ulining'inia tu, na ulimi ulikuwa mzito hata maneno yakatoka kama ya mtu aliyetia kiazi cha moto mdomoni. Waliomwelewa vizuri ni wawili tu: mkewe Tryphosa, na Kemuma binti yake. Machogu, kaka yake Kemuma, alikuwa karani kwenye mashamba ya chai huko Kericho. Alikuwa ameoa huko na kujenga huko, na akija Manga hulala siku mbili akaanza kuulizia lori la kurudi.

Kwa hiyo tangu alipotoka shule ni Kemuma aliyeiendesha ile mashine. Alizungusha hendeli mwenyewe, akafunga ukanda mwenyewe, akarudi nyumbani jioni mweupe kwa unga kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Lakini leseni ilikuwa na jina la baba yake, na sasa, mwaka huo wa 1971, ofisi ya biashara kule Kisii mjini ilikuwa imekataa kuongeza muda kwa mtu asiyeweza kusimama dukani kwake. Afisa alisema leseni inaweza kupitishwa kwa mtu mwingine wa familia. Mzee aje mwenyewe, amtaje huyo mtu kwa kinywa chake.

Jumapili mchana, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kwenda, waliketi nyumbani kuzungumza. Alikuwapo Ongeri, mdogo wake Mzee Onsongo, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitisha mkutano hata anapoomba chumvi.

"Andikeni Machogu," Ongeri alisema. "Yeye ndiye mwana. Mimi nitamshikia mpaka arudi."

"Arudi lini, baba mdogo?" Kemuma aliuliza. "Barua ya mwisho alisema ananunua shamba Kericho."

"Siku atakayorudi, atarudi. Wewe je? Wewe ni wa kuolewa. Leseni ikiandikwa jina lako, siku ukiolewa nayo imeolewa. Asubuhi moja tutaamka tukute mashine ya ndugu yangu inasagia watu wa Mosocho."

Kemuma alihisi damu ikimpanda usoni. Neno Mosocho halikuja kwa bahati. Ongeri alikuwa ameshasikia habari za fundi Joash.

"Nani amesema habari za Mosocho?"

"Kila mtu. Fundi gani anayekuja kutengeneza injini ambayo haijaharibika?"

Tryphosa, aliyekuwa akipepeta wimbi mlangoni, alisimamisha ungo kidogo, halafu akaendelea. Hakuwa mtu wa kusema sana mbele ya shemeji yake. Mzee Onsongo alikuwa ameegemea ukuta, macho yake yakihama kutoka kwa nduguye hadi kwa bintiye.

"Sawa," Ongeri alisema, akinyoosha mikono kama mtu anayetoa zawadi kubwa. "Kama ni lazima iwe Kemuma, basi aahidi mbele ya mzee wa kanisa kwamba hataolewa nje ya Manga. Hapo hata mimi nitaridhika."

"Baba mdogo, Manga yote ni ukoo wetu. Hapa nitaolewa na nani? Unataka niahidi kwamba sitaolewa kabisa."

"Mimi sijasema hivyo. Wewe ndiye umesema."

Kemuma alimgeukia baba yake. "Tata, wewe unasemaje?"

Mzee aliinua mkono wake mzima, akausimamisha hewani kwa muda, akatoa neno moja lililovutwa kwa shida.

"Amesema kesho," Tryphosa alisema. "Atamtaja mbele ya afisa."

"Tata, niambie mimi leo," Kemuma alisihi. "Nina watu wa kuwajibu."

Lakini mzee alikuwa ameshafumba macho.

*

Joash Makori alikuwa akimngoja kwenye mikaratusi, pale ukingoni mwa mlima ambapo ardhi inakatika ghafla na mtu anaona mabonde ya Kitutu yote chini yake, migomba na mashamba ya pareto na mapaa ya mabati yanayometa. Alikuwa amelaza baiskeli yake kwenye nyasi na kuvaa shati lake la kanisani. Alipomwona Kemuma anakuja alisimama kwa haraka, kisha, kama kawaida yake, akashindwa aweke wapi mikono yake mikubwa yenye weusi wa grisi usiotoka kwenye kucha.

Walikuwa wamejuana mwaka mmoja na nusu. Alikuja mara ya kwanza kutengeneza injini, akamkuta msichana mwenye unga kwenye kope, akasahau spana. Siku ya pili akarudi kuchukua spana, akasahau kofia. Kemuma ndiye aliyemwambia, "Fundi, siku moja utasahau miguu," na Joash akacheka mpaka wanawake waliokuwa foleni wakageuka kumtazama. Tangu siku hiyo moyo wa Kemuma ulikuwa na mwenyewe.

"Umekuja," Joash alisema. Alimshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akapitisha kidole pale ngozi ilipokuwa ngumu kwa sababu ya hendeli. Kemuma alimwachia. Alitamani wakae hivyo bila neno mpaka jua litue, maana alijua wakianza kusema hali itaharibika.

"Nina habari nzuri," Joash alisema.

"Nipe. Leo nina njaa ya habari nzuri."

"Nimepiga msingi."

"Msingi wa nini?"

"Wa banda. Kule Mosocho, karibu kabisa na barabara. Ni mawe, si udongo. Baba amenikatia kipande cha shamba. Injini itakaa upande wa nyuma, moshi utoke juu, na wewe utakuwa na dirisha la kupokelea mahindi. Nimekufikiria, Kemuma. Najua huwezi kukaa jikoni mchana kutwa."

Kemuma aliutoa mkono wake polepole. "Injini ya nani?"

Joash alimtazama asielewe. "Si leseni inakuja kwako kesho?"

"Nani amekuambia?"

"Wewe ulisema tata yako hana mtu mwingine."

"Nilisema hana mtu mwingine. Sikusema anahamia Mosocho."

"Lakini ukiolewa..."

"Maneno hayo hayo!" Kemuma alipaza sauti, na ndege wakaruka kutoka kwenye mikaratusi. "Maneno hayo hayo nimetoka kuyasikia kwa baba mdogo. Yeye anasema nikiolewa nitaiba mashine. Wewe umeshaijengea nyumba. Na baba yako? Baba yako anasemaje?"

Joash alikuna shingo. "Yeye ni mtu mzima, ana maneno yake."

"Yapi?"

"Anasema... bibi arusi anayekuja na mashine ni baraka."

"Na asiyekuja na mashine?"

Swali lilikuwa fupi, na jibu lilipaswa kuwa fupi pia. Joash alifungua mdomo, akaufunga, akatazama mabonde. Kemuma alihesabu ule ukimya kama jibu, ingawa baadaye, usingizi ulipomkataa, alijiambia kwamba pengine alikuwa anatafuta tu neno zuri.

"Mimi sitaki mashine," Joash alisema hatimaye. "Nakutaka wewe. Nilidhani unaipenda ile kazi, nikakujengea mahali pake. Hilo nalo ni kosa?"

"Ungeniuliza."

"Nimekuuliza mangapi mwaka huu? Niliuliza nije na wazee, ukasema ngoja mavuno yaishe. Mavuno yakaisha, ukasema ngoja tata apate nafuu. Sasa leseni. Kesho itakuwa nini?"

Kemuma alimweleza sharti la Ongeri, habari ya ahadi mbele ya mzee wa kanisa. Alipomaliza sauti yake ilikuwa imeshuka. Alimsogelea, akamshika kola ya lile shati la kanisani.

"Hamia Manga, Joash. Tuoane, ukae hapa. Hapo hakuna atakayesema mashine imeondoka."

"Mimi nikae kwa wakwe?" Alicheka bila furaha. "Watu watasema nimeolewa."

"Na mimi nikija kwenu watasema nini?"

"Watasema umeolewa. Ndivyo ilivyo!"

"Basi mmoja wetu lazima asemwe. Kwa nini siku zote ni mimi?"

"Kemuma, baba yangu ananizika mzima nikimwambia jambo hilo. Niombe lingine lolote."

"Sina lingine."

Walitazamana. Kwa muda mdogo Kemuma alimwona Joash akitaka kukubali. Aliliona kwenye macho, kama mtu aliyeinua mguu kuvuka mfereji. Kisha akauona ule mguu ukirudi. Hasira ilimpanda Kemuma, ile hasira ya mtu aliyechoka kushikwa kutoka pande zote.

"Basi nenda," alisema. "Kama ni kuchagua, mimi nimechagua mashine. Yenyewe angalau nikiizungusha hendeli inaitika."

Joash alisimama kama aliyepigwa kofi. Aliinua baiskeli yake, akaifuta matope ambayo hayakuwapo.

"Nimesikia," alisema. Aliondoka akiisukuma bila kuipanda, na hakugeuka nyuma.

*

Jumatatu asubuhi lori la pareto liliwateremsha Kisii mjini. Mzee alikaa mbele na dereva. Kemuma, mama yake na Ongeri walikaa nyuma juu ya magunia, kila mmoja ametazama upande wake. Kemuma alikuwa amevaa gauni lake la Sabato. Njia nzima alikuwa akijisemea yale atakayosema: Ndiyo bwana, mimi ndiye. Ndiyo, naweza. Ndiyo, naahidi. Alikuwa amekata shauri. Kama amempoteza Joash kwa sababu ya mashine, basi mashine aipate, vinginevyo atakuwa amelia bure.

Afisa wa biashara alikuwa mgeni katika wilaya, mtu wa miwani na adabu, asiyejua neno hata moja la Kikisii. Alimpa mzee kiti yeye mwenyewe.

"Mzee wangu, pole na maradhi," alisema. "Sheria inanitaka nisikie kutoka kwako. Leseni hii iandikwe jina la nani?"

"Bwana, tunaweza kuandika majina mawili?" Ongeri aliingilia. "La kijana, na langu mimi kama mshikaji?"

"Jina ni moja. Mzee, taja."

Mzee Onsongo alikusanya nguvu. Mishipa ya shingo ilimtoka, mate yakamjaa kwenye pembe ya mdomo. Alisema maneno mawili. La kwanza lilizama kooni. La pili lilitoka wazi kuliko neno lolote alilosema tangu augue.

"...Machogu."

"Umesikia, bwana!" Ongeri alipiga paja. "Amesema Machogu. Mwanawe wa kwanza. Andika."

Afisa alichukua kalamu. Tryphosa alikuwa ameinama akimfuta mumewe mdomo, na kitambaa kikasimama shavuni.

Kemuma alikuwa amesikia. Alikuwa ameyasikia maneno yote mawili. Baba yake hakusema Machogu. Alisema *ng'ina Machogu*, mama yake Machogu, jina ambalo kwa maisha yake yote alimwitia mkewe akiwa shambani, akiwa anataka maji, akiwa na furaha. Hakumtaja mwana. Wala hakumtaja binti. Alikuwa amemtaja Tryphosa.

"Bwana afisa, ngoja," Kemuma alisema.

Kalamu ilisimama. "Wewe ni nani?"

"Binti yake. Mimi ndiye ninayemwelewa. Hakusema hivyo."

"Msichana, nyamaza!" Ongeri alifoka. "Sote tumesikia."

"Umesikia nusu, baba mdogo."

Mpaka leo Kemuma hajui kama Ongeri alisikia nusu, au alitaka nusu.

Afisa alivua miwani. "Mke wa mzee, ni kweli kwamba binti huyu humwelewa?"

"Kuliko mtu yeyote," Tryphosa alijibu kwa sauti ndogo. Hakuongeza neno. Angewezaje kusema mbele ya shemeji yake kwamba jina lililotajwa ni lake? Nani angemwamini?

"Haya, binti. Nitamwuliza mzee akubali au akatae kwa mkono. Lakini kwanza niambie wewe. Amesema nani?"

Nje mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye bati. Kemuma alimtazama baba yake, uso wake uliovutika upande mmoja, macho yaliyochoka, na akajua kwamba akisema "Kemuma", mkono ule mzima ungeinuka. Baba yake angekubali. Asingemwaibisha mbele za watu. Kama angetaka kumkatalia alikuwa na mchana mzima wa jana. Ilibaki kufungua mdomo tu. Jina lake lingekaa pale, mashine ingekuwa yake, na yale maneno aliyomtupia Joash yangekuwa na maana.

Alimgeukia afisa.

"Amemtaja mama," alisema. "Amesema mama yake Machogu. Huyu hapa. Jina lake ni Tryphosa."

Mkono wa mzee ulikuwa umeinuka kabla afisa hajauliza.

*

Kwenye baraza ya ofisi, Ongeri akiwa ameshaondoka kwa hatua ndefu bila kuaga, Kemuma alichutama mbele ya kiti cha baba yake.

"Tata. Kwa nini si mimi?"

Mzee alimtazama kana kwamba swali lilikuwa la mtoto.

"Utaolewa," alisema. Ilimchukua muda kulimaliza neno.

"Nani alikuambia nitaolewa? Umeniuliza? Nilikuwa tayari kuahidi. Jana nimemfukuza mtu, tata. Nimemfukuza kwa sababu ya karatasi yako, na wewe ulikuwa unajua tayari. Ungesema neno moja tu jana!"

Mzee alijaribu kusema. Alijaribu tena. Machozi yalimtoka kwenye jicho moja, lile la upande uliokufa, na Kemuma hakujua kama ni huzuni au ni ugonjwa. Hasira yake ilibaki haina mahali pa kutua. Alimfunika mabega vizuri, akasimama.

"Mwanangu," Tryphosa alisema, leseni ikiwa imekunjwa kifuani mwake ndani ya kitambaa. Aliitazama kwa hofu, kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike. "Mimi sikuomba."

"Najua, mama."

"Nenda. Sisi tutarudi na lori. Nenda kabla sijakukataza."

Kemuma hakuuliza aende wapi. Alishika njia ya Mosocho kwa miguu, gauni la Sabato likipigwa na vumbi.

*

Alimkuta Joash mbele ya karakana yake, amepiga magoti kando ya gurudumu la mkokoteni. Fundi alimwona akija tangu mbali, lakini hakusimama.

"Shikamoo ya mjini au salamu ya kuaga?" aliuliza akiendelea kukaza nati.

"Leseni ameandikiwa mama."

Spana ilisimama. Joash alikaa juu ya visigino, akamtazama kwa muda mrefu, na Kemuma akaona jinsi usiku ule mmoja ulivyomwachia macho mekundu.

"Aha," alisema. "Kwa hiyo jana ulichagua mashine. Leo umeikosa mashine, ndiyo umenikumbuka Joash."

Kemuma alikuwa amejua kwamba atasema hivyo. Alikuwa ameyafikiria hayo maneno njia nzima, na bado yalimkata.

"Hivyo ndivyo inavyoonekana," alisema.

"Kuna namna nyingine?"

"Afisa aliniuliza mimi. Tata alisema, hakusikika vizuri, mimi ndiye niliyeulizwa amesema nani. Ningetaja jina langu, Joash. Hakuna ambaye angenipinga. Hata tata angeinua mkono."

Joash aliinuka. Alijifuta mikono kwenye suruali, akamsogelea, na ule moto wa hasira usoni ukaanza kuchanganyika na kitu kingine, tumaini ambalo hakulitaka lionekane.

"Na kwa nini hukulitaja?"

Kemuma aliona jibu analolingoja. Lilikuwa jibu tamu, na ilikuwa rahisi kulitoa. Kwa sababu yako. Angesema hivyo na mambo yangeisha.

"Kwa sababu yeye hakulitaja," alisema.

Joash alimkodolea macho. Halafu akageuka, akaitupa spana ndani ya sanduku kwa kishindo, akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Hata uongo mmoja mtamu hunipi! Mmoja tu! Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuumeza!"

"Sina."

"Naona huna." Alitembea mpaka barabarani, akarudi. "Mwanamke, wewe ni mgumu kuliko injini ya tata yako." Lakini alikuwa amesimama karibu naye sasa, karibu kiasi cha kumfanya Kemuma asikie harufu ya dizeli na jasho ambayo alikuwa ameikosa tangu jana kama chakula. "Baba nilimwambia leo asubuhi. Nilimwambia kwamba bibi arusi wa mashine hayupo tena. Akaniuliza kama nitatafuta mwingine. Nikasema mwingine sitafuti."

"Akasemaje?"

"Ametoka kwenda kwa mjomba kunishtaki." Alimshika mkono bila kujali grisi, na Kemuma akamwachia. "Nikija Jumapili na wazee wawili watatu, mama yako atatupokea?"

"Atawapokea."

"Na wewe?"

"Mimi nitawapikia." Alimkazia macho. "Lakini harusi sitaki hivi karibuni, Joash. Usikunje uso. Mama hajawahi hata kuigusa ile hendeli. Anaiogopa. Nikiondoka kabla hajaijua, baba mdogo ataingia siku hiyo hiyo aseme anamsaidia, na leseni itabaki jina tu. Nipe muda nimfundishe."

"Muda gani?"

"Mama hafundishiki haraka."

Joash alitazama mbinguni, kisha akapata wazo, na uso wote ukang'aa. "Nitamfundisha mimi! Mimi ni fundi. Nitakuja kila asubuhi na baiskeli, na kwa juma moja..."

Kemuma alimwangalia tu. Alimwacha afike mwenyewe.

"...Mama mkwe," Joash alisema polepole, na ule mng'ao ukafifia. Mkwe wa Kikisii hampi mama mkwe hata mkono, sembuse kubanana naye ndani ya chumba cha mashine na kumwonyesha pa kushika. "Nikishaleta wazee nitakuwa mkwe wake. Siwezi kukanyaga pale ndani akiwemo."

"Huwezi."

"Na nisipoleta wazee, nije tu kama fundi, Ongeri atanifukuza."

"Atakufukuza na mbwa."

"Kwa hiyo nikiharakisha nangoja, na nikingoja nangoja."

"Ndiyo," Kemuma alisema, na kwa mara ya kwanza katika siku hizo mbili alicheka, machozi yakimtoka, paji lake la uso likiwa limeegemea kifua cha Joash palepale kando ya barabara, watu wa Mosocho wakipita na kugeuza shingo.

Joash hakucheka. Alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo na kuambiwa aubebe tena, akazungusha mkono mabegani pake.

"Jumapili naleta wazee," alisema. "Mwambie mama yako aanze kujifunza kesho."